Adhabu ya kifo: Mwanzo 9 na Warumi 13 zinamfikisha Mkristo mpaka wapi?

Mdadisi (mleta mada)

Bwana asifiwe, wadau. Nimepewa kuongoza somo la Biblia la vijana, vipindi viwili vya dakika 90, na swali ni kama Mkristo anaweza kuiunga mkono adhabu ya kifo kwa dhamiri safi. Sitaki huku waseme "jicho kwa jicho" na kule wajibu "Mungu ni upendo" mpaka muda uishe. Naomba msaada kwenye mambo matatu: vifungu gani visikosekane na vipangwe vipi, kila upande huteleza wapi, na makanisa yenyewe yametamka nini rasmi. Kundi ni mchanganyiko: Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste. Naomba kuwasilisha.

Mkutubi

Kabla hujafungua kifungu chochote, andika ubaoni maswali matatu na uyaache hapo vipindi vyote viwili. Kwanza, aliyeua kwa kukusudia anastahili kufa? Pili, Mungu ameipa serikali mamlaka ya kumwua? Tatu, mahakama hii, kwa ushahidi wa aina hii, iyatumie mamlaka hayo? Mtu anaweza kujibu ndiyo, ndiyo, hapana, na asiwe amejipinga. Kelele nyingi hutokea kwa sababu mmoja yuko kwenye swali la kwanza na mwenzake anamjibu la tatu.

Kipindi cha kwanza kibaki Agano la Kale tu. Mwanzo 9:6 (amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu) ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa wanaotetea, na uzito wake unatokana na mahali ilipo. Imetangulia Torati ya Musa, iko ndani ya agano na Nuhu ambalo mistari ya 9 hadi 17 inalifanya la kila kiumbe chenye mwili. Kwa hiyo kijana akisema "hatuko chini ya torati", hajajibu kitu. Tena sababu inayotolewa ni kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hilo halijabadilika. Wanaopinga wanajibu kwamba mstari wa 4, unaokataza kula nyama pamoja na damu yake, uko kwenye maneno hayohayo, na wengi wanaoshikilia wa 6 hawaushiki huo. Wanaongeza kwamba muuaji naye anao mfano huo. Hiyo ya pili ina nguvu zaidi, ipe muda.

Halafu Torati. Hapa watu hupita mbio, na ndipo penye mali. Orodha ya makosa yenye adhabu ya kifo ni ndefu: kuiba mtu (Kutoka 21:16), kumlaani baba au mama (21:17), kufanya kazi siku ya sabato (31:15), uzinzi (Walawi 20:10), kulikufuru jina la Bwana (24:16), mwana mkaidi (Kumbukumbu 21:18-21). Ni nadra kumpata Mkristo anayeitaka orodha nzima, basi anayechomoa kuua peke yake aseme kwa nini. Kwa kawaida atarudi Mwanzo 9, na ni haki yake.

Lakini adhabu hiyo ilikuja na masharti yake, na anayeichukua bila masharti amechukua nusu. Shahidi mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili au watatu (Hesabu 35:30, Kumbukumbu 17:6). Walioshuhudia ndio wanaotangulia kutupa mawe (17:7), kwa hiyo huwezi kusema uongo kisha ukamwachia mwingine damu. Shahidi wa uongo atendewe alichokusudia kumtendea nduguye (19:18-19). Kuna miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani, ili aliyeua asiuawe na mlipiza kisasi kabla ya kusimama mbele ya mkutano (Hesabu 35:12-14). Na hakuna fidia kwa uhai wa muuaji (35:31), yaani tajiri hanunui shingo yake. Waulize vijana: kesi yenye ushahidi wa mazingira tu, bila mtu aliyeona kwa macho, ingefika kiwango hiki?

Ukimaliza hapo, wafungulie 1 Wafalme 21. Kesi ya Nabothi kwa nje ilikuwa kamili: shtaka la kumtukana Mungu na mfalme, mashahidi wawili, wazee wa mji wameketi, hukumu imetekelezwa nje ya mji. Nyuma yake kulikuwa na barua za malkia Yezebeli zenye muhuri wa mfalme, na shamba la mizabibu la Nabothi ambalo mfalme Ahabu alilitaka. Sharti la mashahidi wawili lilifuatwa kabisa. Mashahidi ndio walikuwa wa kupangwa.

Kama muda utabaki, ongeza jambo moja kutoka Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, sehemu iitwayo Makkot. Inasema baraza linalomwua mtu mmoja katika miaka 7 huitwa la kuangamiza. Rabi Eleazari ben Azaria anasema miaka 70. Tarfoni na Akiva wanasema wangekuwa wao barazani, hakuna mtu angeuawa kamwe. Simeoni ben Gamalieli anawarudi: nyinyi mngewaongeza wauaji katika Israeli. Ubishi wetu wote wa leo uko ndani ya mistari hiyo michache.

Tegemeo

Mkutubi umefungua vizuri, ila Nabothi usimbebeshe asichoweza kubeba. Eliya anamkabili Ahabu kwa kuua na kurithi. Hasemi adhabu yenyewe ifutwe. Kesi ya uongo inalaani mahakama ya uongo. Ukisema "hakimu anaweza kukosea, basi adhabu ni haramu", eleza kwa nini hoja hiyohiyo haikizuii kifungo cha miaka 40. Jibu lipo: aliyefungwa kimakosa anaweza kutolewa, aliyenyongwa hatolewi. Lakini hiyo ni hoja ya swali la tatu, isivushwe kinyemela mpaka la pili.

Sasa kipindi cha pili, Agano Jipya. Usianze na Warumi 13. Anza na 12:19, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana", usome moja kwa moja mpaka 13:4 bila kusimama kwenye namba ya sura, maana Paulo hakuandika sura. Utaona mpangilio wake: mtu binafsi anakatazwa kisasi, halafu mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu amlipizaye kisasi mtenda mabaya, naye "hauchukui upanga bure". Kwa hiyo anayetumia 12:19 kuipinga 13:4 ameukata mnyororo katikati.

Upande wetu tunaotetea nao huteleza hapohapo. Tunakisoma kifungu kana kwamba kinaiamuru serikali iue. Kinaisemea mamlaka, hakiagizi itumie adhabu ipi kwa kosa gani. Mistari ya 6 na 7 inamalizia kwa kodi na ushuru. Isitoshe aliyekuwa akitawala Roma wakati barua inaandikwa, karibu mwaka 57, ni Nero, na katika barua ileile, 8:35, upanga umo kwenye orodha ya mambo yanayowapata waamini. Paulo alijua vizuri kwamba upanga huohuo hukata pasipostahili.

Vifungu vya kusaidia ni Matendo 25:11, Paulo akisema akiwa ametenda neno la kustahili kufa hakatai kufa, na Luka 23:41, yule mhalifu msalabani akikiri kwamba wao wanapata malipo ya haki. Vyote viwili vinagusa swali la kwanza zaidi ya la pili. Usivinyooshe.

Yohana 8:1-11, kisa cha mwanamke mzinzi aliyeletwa kwa Yesu, ndiyo itakayoletwa na kila mtu, basi jiandae. Kisa hicho hakimo katika nakala za kale kabisa za Injili hiyo, ikiwamo Sinaitiko na Vatikano, ingawa makanisa mengi hukisoma kama Maandiko. Na ukikisoma kisheria, kesi ilikuwa mbovu tangu mwanzo: Walawi 20:10 inawataka mwanamume na mwanamke wote wawili, nao wamemleta mmoja tu, mwanamke aliyefumaniwa akizini. Mwanamume yuko wapi? Kisha Yesu anagusa sharti la Kumbukumbu 17:7, wa kwanza kutupa jiwe, na mashahidi wanaondoka mmoja mmoja. Bila mashahidi hakuna kesi. Kwa hiyo kisa hakifuti adhabu, na wala hakimpi raha anayetaka kuitekeleza.

Matamko upande wa Matengenezo yako wazi. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 16, linaruhusu Wakristo kushika madaraka na kuwaadhibu wahalifu kwa upanga. Katika Kanuni 39 za Waanglikana, ya 37 inasema sheria za nchi zaweza kuwaadhibu Wakristo kwa kifo kwa makosa mazito. Luther mwaka 1523 alifika mbali zaidi: mnyongaji akikosekana na Mkristo ana uwezo, ajitolee kazi hiyo kwa ajili ya jirani yake. Walutheri wako wasomewe hilo. Wengi watashtuka, kwa kuwa makanisa mengi ya Kilutheri leo yanaipinga adhabu hiyo.

Mama Neema

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu Mdadisi, kwa Wakatoliki jihadhari na kauli mbili zinazorudiwa sana: kwamba Kanisa limeikataa adhabu hii siku zote, na kwamba Papa Fransisko aliamka asubuhi moja akageuza mafundisho. Zote si kweli.

Askofu Agostino, karibu mwaka 412, alimwandikia Marcellino, afisa wa serikali ya Roma, akiomba Wadonati (Wakristo waliojitenga na Kanisa huko Afrika Kaskazini) waliomwua padre mmoja na kumkata viungo mwingine wasilipwe kwa kuuawa wala kukatwa viungo. Lakini Agostino huyohuyo, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, anasema anayetekeleza hukumu ya kifo kwa mamlaka ya sheria hajaivunja amri ya "Usiue". Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliitetea waziwazi kwa ajili ya manufaa ya jamii nzima, akaongeza kwamba mtu akitenda dhambi huanguka kutoka hadhi yake ya kibinadamu. Katekisimu ya Trento ya 1566, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, ikakubali. Mji wa Vatikano wenyewe ulikuwa na adhabu ya kifo kwenye sheria zake kwa jaribio la kumwua Papa, kuanzia 1929 hadi ilipofutwa 1969. Haikutekelezwa hata mara moja.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae namba 56, alifunga mlango karibu wote: iwe tu pale jamii haiwezi kujilinda kwa njia nyingine, na hali hizo ni adimu sana, kama zipo kabisa. Katekisimu ya sasa ikarekebishwa 1997 kufuata hilo. Agosti 2018 namba 2267 ikaandikwa upya: adhabu ya kifo haikubaliki. Sababu zimetajwa palepale: hadhi ya mtu haipotei hata baada ya makosa mazito sana, uelewa mpya wa maana ya adhabu za serikali, na magereza yanayoweza kuwalinda raia bila kumnyima mkosaji nafasi ya kutubu. Iweke sababu ya kwanza kando ya maneno ya Tomaso kuhusu hadhi, uone zinavyokabiliana uso kwa uso.

Na kwa kuwa Mkutubi ametaja mashahidi: Biblia yetu ina Danieli 13, kesi ya Susana aliyesingiziwa uzinzi. Wazee wawili, ushahidi unaofanana, hukumu ya kifo imeshatolewa. Danieli anawatenganisha na kumwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti tofauti. Wao wakauawa, Susana akapona. Waprotestanti hawana sura hiyo, lakini kama somo la kuhoji mashahidi waisome tu.

Mdadisi

Shikamoo mama, asante sana. Hilo "haikubaliki" maana yake ni ovu kwa asili yake, kama kumwua asiye na hatia?

Mama Neema

Marahaba. Namba 2267 haikutumia usemi wa "ovu kwa asili yake", na ndiyo maana wanateolojia bado wanavutana. Waraka uliotoka Vatikano pamoja nayo, wa 1 Agosti 2018, unasema ni ukuaji wa mafundisho usiopingana na yaliyotangulia. Lakini mtu asikuambie ni ushauri tu: inamalizia kwa kusema Kanisa linafanya kazi kwa bidii ili adhabu hiyo ifutwe duniani kote.

Mjoli

Mmesahau Waanabaptisti, kundi la Matengenezo la karne ya 16 lililobatiza waamini watu wazima tu, na bila wao picha haijakamilika. Ungamo la Schleitheim la 1527, kifungu cha 6, haliikatai serikali kuwa na upanga. Linasema upanga ni agizo la Mungu lililo nje ya ukamilifu wa Kristo. Ndani ya kanisa adhabu ya mwisho ni kumtenga mkosaji. Kwa hiyo swali la pili wanajibu ndiyo! Wanachokataa ni Mkristo kuushika, na hapo wanagongana moja kwa moja na yale maneno ya Luther ya miaka minne kabla.

Kwa ndugu zetu wa kiinjili, usiseme "Waprotestanti wanaunga mkono" wala "wanapinga". Huko Marekani pekee, Wamethodisti waliikataa mwaka 1956, Southern Baptist Convention (umoja wa makanisa ya Kibaptisti) ikapitisha azimio la kuiunga mkono mwaka 2000 ikisisitiza itumike kwa haki, na National Association of Evangelicals (umoja wa makanisa ya kiinjili) mwaka 2015 ikakiri kwamba waamini wake wapo pande zote mbili. Wapentekoste hawana chombo kimoja kinachowasemea wote, basi usiwabandikie msimamo.

Tegemeo

La mwisho kuhusu muda. Kipindi cha pili kikifika dakika ya 50, funga vifungu uwape kesi moja ya kubuni: shahidi mmoja aliyeona, mshitakiwa aliyekiri polisi kisha akakana mahakamani, wakili aliyepewa jalada siku mbili kabla. Kila mtu apige kura ya siri kwa kila swali kati ya yale matatu, kila swali kwenye karatasi yake. Ukiyachanganya kwenye karatasi moja utapata ndiyo na hapana zisizo na maana.

Na uulize mapema, faraghani, kama kundini yupo mwenye ndugu aliyeuawa au aliyehukumiwa kwa kuua. Akiwepo, kesi ya kubuni iache. Tumia ya Nabothi.