Inveta ya duka inaunguza mosfeti: nipime vipi joto lake kwa gharama ndogo?

fundi_konde

Assalaam alaykum wakuu.

Kuna inveta ya 12V, wati 1000, iko dukani huku Konde, Pemba. Inaendesha friji, taa na chaja za simu. Upande wa betri ina mosfeti 8 (swichi za kielektroniki) aina ya IRF3205, nne kwa kila hitisinki (alumini ya kupozea), na chipu inayoziongoza ni TL494. Hitisinki moja imeshaunguza mosfeti zake mara mbili, mara zote mchana, kaskazi hii. Zote nne zimebadilishwa, grisi mpya, feni inazunguka vizuri.

Nataka kuona joto lake muda wote, na inveta ijizime yenyewe kabla haijaungua. Bajeti ni ndogo. Nilivyo navyo ni multimita yenye waya wa kupimia joto (aina ya K), bastola ya kupimia joto, Arduino Nano moja (bodi ndogo ya kuprogramu), na themista kadhaa za 10k (rizista inayopungua omu ikipata joto) zenye kibati cha duara cha kupitishia skrubu.

Suali la kwanza: bastola inasoma nyuzi 44 kwenye hitisinki, lakini kidole hakikai hapo hata sekunde mbili. Nani mkweli? La pili: themista niifunge wapi, na nikate umeme ikifika ngapi?

UmemeWete

Waalaykumu salaam kaka. Kidole ndicho kikweli.

Bastola haigusi kitu, inasoma mwanga wa joto unaotoka juu ya kitu. Alumini inayong'aa hutoa mwanga huo kidogo mno, na badala yake inarudisha ule wa vitu vilivyo mbele yake, kama kioo. Hapo ulikuwa unapima dari ya duka na uso wako. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kiasi cha sentimita 2 kwa 2, subiri dakika mbili kishike joto, kisha pima juu ya tepu. Utaona namba inaruka. Tepu za kawaida gundi yake huachia kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo kama unataka alama ya kudumu, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa.

Hata hivyo usitegemee bastola kupima mosfeti moja moja. Zile zilizoandikwa 12:1, ukiwa sentimita 12 zinaona duara la sentimita 1, na ukisogea karibu zaidi duara halipungui, linabaki na upana wa lenzi. Mosfeti yenyewe ina upana wa sentimita 1 tu. Na ile nukta nyekundu haiko katikati ya mahali panaposomwa, iko pembeni kidogo. Bastola ni ya kupita haraka, kutafuta upande gani una moto.

dada_saketi

Kaka wa Konde, themista zako zinatosha kabisa, usinunue kitu chengine cha kupimia. Ila kabla ya yote pima hili: inveta ikiwa imezimwa na betri imetolewa, gusa kibati cha nyuma cha mosfeti na hitisinki kwa multimita. Ikilia, hakuna maika (karatasi ya kuzuia umeme) katikati, na hitisinki yenyewe ndiyo dreni, mguu wa mosfeti unaopitisha mkondo mkubwa. Inveta nyingi za bei nafuu ziko hivyo, ndiyo maana zina hitisinki mbili zisizogusana. Kwenye 12V hitisinki hiyo inaruka kutoka sifuri hadi volti 24 na zaidi, maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo:

- Kila themista, weka multimita kwenye omu za juu kabisa, waya mmoja kwenye kibati cha duara, mwengine kwenye mguu wa themista. Isisome chochote. Ikisoma, itupe.
- Usiguse kabisa mosfeti za upande wa pili, zinazotoa 230V. Kule kuna volti 300 na zaidi za DC, na kapasita hubaki na chaji hata ukizima.

Mahali pa kufunga: chini ya skrubu ya mosfeti ya katikati, si mwisho wa hitisinki. Mwisho wa hitisinki karibu na feni ni baridi na utajidanganya. Tia grisi nyeupe kidogo tu, iwe nyembamba mpaka unaona chuma chini yake. Grisi nene ni blanketi.

Sasa saketi. Watu wengi huunga rizista ya 10k kwenda 5V na themista kwenda hasi. Inafanya kazi, lakini inasoma vizuri penye baridi, wakati sisi tunataka penye moto. Kwa themista ya 10k yenye B ya 3950 (namba inayoonyesha omu zinavyobadilika na joto), nyuzi 60 ni kama omu 2,490, nyuzi 80 ni 1,270, nyuzi 100 ni 700. Ukiwa na rizista ya 10k, kutoka 80 hadi 100 volti inabadilika 0.24 tu, yaani hatua mbili na kitu za Arduino za kusomea volti kwa kila nyuzi moja. Badilisha hiyo rizista, weka ya 2.2k: nyuzi 60 itasoma 2.65V, 80 itasoma 1.83V, 100 itasoma 1.20V. Hapo unapata hatua sita kwa kila nyuzi. Rizista moja, na kipimo kimekuwa kizuri karibu mara tatu.

Kapasita ya 100nF iwe kwenye pini ya Arduino, si kwenye themista. Nyaya mbili zisokotwe pamoja, zipite mbali na transfoma. Hasi ya Arduino ichukuliwe moja kwa moja kwenye ncha ya betri, usiichomeke katikati ya njia ya mkondo mkubwa. Ukiona joto linaruka nyuzi 5 au 10 papo hapo friji inapowaka, hilo si joto, ni hasi umeiweka pabaya. Chukua vipimo 16 utoe wastani.

Na hili usilisahau kwenye programu: waya wa themista ukikatika, pini inapanda hadi 5V, na Arduino itaona baridi kali kuliko barafu wakati mosfeti zinaungua. Andika kwamba chochote juu ya 4.75V ni hitilafu, zima. Volti hiyo ni chini ya nyuzi sifuri, na Pemba hatuna mahali hapo.

kijana_mkoani

Kwa nini asitumie DS18B20, kipima joto cha kidijitali? Haina mahesabu, inatoa nyuzi moja kwa moja, na unaweza kuweka nyingi kwenye waya mmoja na rizista moja ya 4.7k.

dada_saketi

Mdogo wangu, kwa tangi la maji au chumba cha betri ni nzuri sana. Hapa ina mambo mawili. Kipimo kimoja kamili huchukua hadi milisekunde 750. Na kubwa zaidi: ikipoteza umeme kidogo ikarudi, thamani yake ya kuanzia ni nyuzi 85 hasa, kabla haijapima chochote. Ukiwa umeweka mpaka wako wa kukata kwenye 80 au 85, inveta itazima bila sababu na utatafuta kosa wiki nzima. Zile zenye bomba la chuma, waya wake mara nyingi ni wa plastiki ya kawaida, unalainika ukilala juu ya hitisinki yenye moto.

mzee_wa_transfoma

Salaam kwenu. Aliyosema binti ni sahihi, ila Arduino ionyeshe na ilie, isiachiwe peke yake kazi ya kukata. Programu inaganda, na inaganda hasa pale penye kelele za umeme, yaani ndani ya inveta.

Ya kukata iwe swichi ya joto ya bimetali, KSD301, ile ya duara yenye masikio mawili ya skrubu. Joto lake limeandikwa ubavuni. Chukua ya nyuzi 75, ile inayokuwa imefungwa ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Waya ukikatika nayo inazima, kwa hiyo kosa lake liko upande wa usalama. Ifunge juu ya hitisinki hasa, ubavuni mwa mosfeti za katikati, na hakikisha kofia yake ya chuma haina njia kwenda kwenye miguu yake.

Usiiunge kwenye waya wa betri. Wati 1000 kwa 12V ni karibu ampea 100, na hiyo swichi ni ya ampea 10. Iunge mfululizo na swichi ndogo ya kuwashia ya mbele, ule waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye TL494. Chipu ikikosa umeme, mosfeti zote zinalala. Kama bodi yako swichi ya mbele inabeba mkondo wote, tumia aina inayofunga ikipata moto, uiunge kutoka pini 14 kwenda pini 4 ya TL494 kupitia rizista ya 1k. Pini 4 ikizidi volti 3 na kidogo, chipu inaacha kupiga.

Tafuta aina yenye kitufe cha kubonyeza ili irudi. Ile inayorudi yenyewe itawasha ikipoa tu, na kompresa ya friji itaanza ikiwa bado ina shindikizo, mkondo unakuwa mkubwa, inapata moto, inazima tena. Mzunguko huo unaua friji na inveta pamoja.

Sasa nina wasiwasi na jengine, kaka. Upande mmoja tu, mara mbili. Washa globu 6 za wati 100, iache nusu saa, kisha inveta ikiwa inafanya kazi gusa uso wa plastiki wa kila mosfeti kwa waya wa K wa multimita, na tone la grisi kwenye ncha. Uso wa plastiki, si kibati. Tafuta iliyo baridi kuliko wenzake, si yenye moto.

Hesabu yake: wati 600, ufanisi tuseme asilimia 85, ni kama ampea 59 kutoka kwenye betri. Mosfeti nne zikigawana, kila moja inabeba ampea 15 nusu ya muda. IRF3205 ikiwa baridi ina milioomu 8, ikipata moto chukulia 12. Hiyo ni wati 1.3 kila moja. Moja isipofanya kazi, tatu zilizobaki zinafika wati 2.3 kila moja. Mbili zisipofanya kazi, ni wati zaidi ya 5 kila moja, bado joto la kuwasha na kuzima hujaliongeza. Ile iliyobaridi inasoma joto la hitisinki tu, haina lake.

fundi_konde

Shukran sana nyote. Nimepima kama ulivyosema mzee. Upande usioungua: 63, 64, 64, 63. Upande unaoungua: 72, 73, 68, 72. Namba tatu nimeifuata, rizista ya geti (mguu unaoiongoza mosfeti) ya omu 22 haisomi kitu, imekatika. Kwa macho ilikuwa nzima, ina doa dogo la kahawia tu chini yake.

mzee_wa_transfoma

Basi ndiyo hiyo. Mosfeti ikipiga shoti, mara nyingi volti hupita getini na kukata rizista yake. Ukibadilisha mosfeti, pima na rizista zote za geti, kila moja. Angalia pia kama kuna rizista ya 10k kutoka geti kwenda sosi, mguu wa mosfeti wa upande wa hasi. Isipokuwapo, geti inaelea, na mosfeti inaweza kufunguka nusu na kuungua kwa dakika moja. Ukishaweka mpya, rudia kipimo hicho hicho kwa globu zile zile. Zote nne ziwe ndani ya nyuzi 2.

UmemeWete

Niongeze la huku kwetu. Hewa ya bahari inakula miguu ya themista na viunganishi vya kuchomeka. Kutu ya kijani ni rizista ya ziada, na themista ikizidi omu inasoma baridi. Omu 300 tu za kutu kwenye nyuzi 80 halisi zitakuonyesha 73, kengele isilie. Lehemu kwa risasi moja kwa moja, usitumie vichomeko, kisha paka vanishi.

Kila baada ya miezi kadhaa jaribu themista kwa maji yanayochemka, ikiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo ni nyuzi 100 kwelikweli, na inatakiwa isome karibu na omu 700. Pima mwishoni mwa waya, pale unapoingia Arduino, ili na maungio yajaribiwe.

fundi_konde

Nimeelewa. Baza itaanza kulia kwenye 68, KSD301 ya 75 ikate. Nina themista moja imebaki, kuna kazi yake?

dada_saketi

Iweke ipime hewa, na Arduino ionyeshe tofauti ya hitisinki na hewa, si joto la hitisinki peke yake. Chini ya bati wakati wa kaskazi hewa ya ndani inaweza kupita nyuzi 40, usiku ikawa 27, kwa hiyo namba tupu haikuambii kama inveta ni nzima. Tofauti ndiyo inayosema. Kwa globu zile zile 6, iandike leo ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika. Ikiwa leo ni 30 na baada ya miezi sita ni 38, feni imejaa vumbi au grisi imekauka, fungua usafishe kabla haijafika kwenye kengele.

Ifunge pale feni inapovutia hewa, isiguse bati la kasha. Na hakikisha kwanza feni inavuta upande gani: shikilia kipande cha karatasi mbele yake, kikinata ndipo hapo.