Igizo la watoto wawili tu, wote wanyama: naombeni msaada

mwl_pangani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Pangani. Mwisho wa mwezi ujao tuna siku ya wazazi na nimepewa dakika kumi za igizo. Waigizaji ni wawili tu, maana wengine wote wamechukuliwa na kwaya na ngoma. Nataka igizo la wanyama wanaosema, wazazi huwa wanalipenda.

Shida ni kwamba mwaka jana nilifanya Sungura na Fisi, ikawa aibu tupu. Niliwatengenezea vichwa vya maboksi ya sabuni, nikavipaka rangi, masikio ya sungura yanafika dari. Sungura akarukaruka tangu mwanzo mpaka mwisho. Fisi kazi yake kucheka, na maneno yote yakabaki humo humo ndani ya boksi. Dakika ya nne boksi la Fisi likageuka, matundu ya macho yakahamia kisogoni, mtoto akatembea mpaka akaanguka mapajani kwa mgeni rasmi. Watu walicheka mpaka machozi. Mtoto naye alilia, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za kuigiza.

Safari hii nina mvulana wa darasa la nne, kadogo, maneno yanamtoka kama cherehani. Mwingine ni msichana wa darasa la sita, mrefu, mpole, kumsikia anasema mpaka umbembeleze. Hadithi gani itawafaa? Na huyu mpole nimfanyeje?

otis_wa_kisumu

Pole sana mwalimu, ila nimecheka hiyo ya mgeni rasmi. Mbona usichukue Sungura na Kobe? Mpole awe kobe, basi.

BibiWaNgambo

Marahaba mwanangu.

Otis, Sungura na Kobe ni mbio. Jukwaa la shule lina hatua sita, watoto watakimbia wapi? Wakishazunguka mara mbili wazazi washafungua simu zao.

Mwalimu, chukua Kima na Papa. Hii ni ya kwetu Unguja, marehemu bibi yangu akitusimulia kabla ya kulala. Imo pia kwenye kitabu cha hadithi za Kiunguja alichokichapa Edward Steere kule London mwaka 1870, kwa hiyo hapana atakayekuja kukudai ruhusa. Ni kongwe kuliko hapo. Wahindi wanayo, kwao ni kima na mamba. Kwenye kitabu cha Waarabu cha Kalila wa Dimna ni kima na kobe wa majini. Ilipofika kwetu pwani kobe akawa papa, na mimi naona papa ndiye mwenyewe hasa.

Unaikumbuka? Mkuyu umeinama juu ya maji, matawi nusu yako mjini, nusu yako baharini. Kima anakula kuyu, anamtupia na Papa. Urafiki unakolea, Papa anamwalika kwao, Kima anapanda mgongoni. Katikati ya bahari Papa anatoboa siri: sultani wao mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima.

Sasa tazama. Watu wawili, chombo kimoja, hapana pa kukimbilia. Mmoja ana neno limemkwama kooni, mwenzake hana habari, anakula. Igizo ndilo hilo. Sungura na Fisi wako walikuwa na masikio na kicheko, lakini hapana aliyekuwa akitaka kitu kwa mwenziwe, ndio maana wakabaki kurukaruka.

Msichana wako mpole mpe Papa, wala usimfanye achangamke. Mwambie mambo mawili tu: asisimame, na asipepese macho anapomtazama Kima. Kuna papa ambao wakiacha kuogelea pumzi inawaishia, basi na yeye awe anazunguka polepole hata anapoongea. Huyo cherehani ndiye Kima, na yeye mpe jambo moja tu: asimtazame mtu usoni. Nenda msitu wa Jozani ukawaangalie kima, ukimkodolea macho anaona umemtaka ugomvi. Wetu huyu anatazama tunda, anatazama mkono wake, anatazama juu. Mara ya kwanza kumtazama Papa machoni iwe pale anaposikia neno "moyo". Ukumbi mzima utaliona hilo, na wala hukutumia boksi.

Bahari ni mkeka. Kima akae juu yake, Papa aushike pembe mbili na kuukokota. Kwenye sakafu ya saruji wa darasa la sita anamvuta wa darasa la nne bila taabu. Mkuyu ni meza ya darasani. Mimi nilicheza Papa nikiwa na miaka kumi na sita, kwa mkeka wa ukindu wa mama, na nilipigwa kwa kuutoboa.

Nakuandikia kipande cha katikati. Ubadilishe utakavyo.

*(Papa anakokota mkeka. Kima anatafuna.)*

PAPA: Kima.
KIMA: Naam.
PAPA: Mgongo wangu haukuumizi?
KIMA: Aa! Kama godoro la sufi.
PAPA: *(hatua tatu)* Sultani wetu mgonjwa.
KIMA: Mungu atampoza. *(anatafuna)*
PAPA: Dawa imeshajulikana.
KIMA: Alhamdulillahi. Dawa gani?
*(Papa anaacha kuvuta. Ndiyo mara ya pekee anasimama.)*
PAPA: Moyo wa kima.
*(Kima anaacha kutafuna. Anamtazama. Hesabu mpaka tano.)*
KIMA: Sasa rafiki yangu, mbona hukuniambia kule kule?
PAPA: Ungekataa.
KIMA: Ningeuchukua! Sisi tukitoka safari mioyo tunaiacha mtini. Wangu uko tawi la tatu, nimeufunika na majani.
PAPA: *(anamtazama kifuani)* Humo hamna kitu?
KIMA: Gonga usikie.

Hapo Papa anyooshe mkono, aurudishe. Asimguse. Akimgusa tu atasikia unavyodunda, na Kima anajua hivyo.

mwl_pangani

Bibi, nimesoma hapa mbele ya mke wangu, amenyamaza na sufuria mkononi. Ahsante sana.

Swali moja. Mwisho wake, Kima akishafika mtini anamsimulia Papa kile kisa cha punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio. Hapo nina simba, sungura na punda, na watoto wangu ni wale wale wawili. Nikikate?

mzee_mapiko

Kabla Bibi hajajibu, mimi naomba nitetee vinyago kidogo. Mimi Mmakonde wa Mtwara. Kosa lako mwalimu halikuwa boksi, lilikuwa mahali pa tundu. Lipiko letu linavaliwa kichwa kizima, na mchezaji haoni kupitia macho ya kinyago, anaona kupitia mdomo. Toboa mdomoni, likalie kichwani kwa kuinama nyuma kidogo, ndani weka kata ya kitambaa lisizunguke. Mtoto ataona njia, na sauti itapata pa kutokea.

Ila lipiko ni la kucheza ngoma, si la mazungumzo marefu. Kwa maneno kama hayo ya Bibi hata mimi ningeacha uso wazi.

BibiWaNgambo

Mzee mapiko, umesema kweli, na hilo la mdomo nimejifunza leo.

Mwalimu, usikikate kisa cha punda. Hapo ndipo Kima anapomlipa Papa. Lakini usikisimulie chote, kitamaliza dakika zako. Kima awe juu ya meza, amefika, anapumua. Papa chini anazunguka: "Teremka basi, twende." Kima aseme punda alialikwa na simba, akararuliwa, akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu, naye akarudi. Safari hiyo akauawa. Simba alipoulizia moyo na masikio, sungura, aliyekwisha kuvila, akamjibu kuwa huyu punda hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Sentensi nne. Kisha: "Mimi si punda wa dobi."

Na mpe tunda la mwisho mkononi. Mwanzo wa igizo alikuwa akimtupia Papa, na Papa anadaka. Sasa amwachie mwenyewe aamue, amtupie au ale. Usimfundishe.

mwl_pangani

Narudisha majibu. Tumefanya zoezi Alhamisi, baada ya masomo, darasani, madirisha yamejaa watoto wa darasa la pili.

Mkeka nilioazima kwa jirani uliteleza vizuri mno. Kwenye zamu ya kwanza Kima alibaki nyuma, mkeka ukaenda na Papa peke yake. Nimemwambia ashike ukingo. Cherehani wangu ilimchukua zamu mbili kuacha kuwatazama wenzake dirishani, nikamwambia hao ni miiba ya mkuyu, akiwatazama atachomwa. Mkuyu hauna miiba, najua, msinisute.

Msichana ndiye aliyenishangaza. Alipofika "moyo wa kima" alisimama, akasema kwa sauti ndogo mno, nikataka kumkatiza apaze. Kabla sijafungua mdomo nikagundua wale wa darasa la pili wamenyamaza wote, wanainama ndani ya dirisha ili wasikie. Nikamwacha.

Tunda tunatumia embe bichi, kuyu sikupata. Mara ya kwanza Kima alilila mwenyewe. Mara ya pili akalitupa, Papa akalidaka bila kupepesa macho, akaondoka nalo mpaka nje ya mlango, na hakurudi. Tulimkuta chini ya mwembe analila na chumvi.

BibiWaNgambo

Mwambie siku ya wazazi atoke nalo hivyo hivyo. Chumvi aifiche mfukoni.