Naomba ushauri: makasri ya Ufaransa kwa siku tatu, taratibu

MtotoWaNgamiani: Habari za jioni wakuu. Naishi Ujerumani, na mwisho wa mwezi nina likizo ya siku tatu. Nataka kwenda na mwenzangu bonde la mto Loire kuona makasri ya wafalme na wakubwa wa zamani wa Ufaransa. Safari iwe ya taratibu, tusikimbizane. Orodha yangu: Chambord, Blois, Amboise, Chenonceau, Villandry, Azay-le-Rideau. Nikodi gari au tupande treni? Usingizi umenipaa.

MkwajuWaPangani: Makasri sita kwa siku tatu, halafu unasema taratibu? Chambord peke yake ina vyumba zaidi ya 400 na meko 282, na mfalme François wa Kwanza aliyeanza kuijenga mwaka 1519 hakulala humo hata miezi mitatu ya maisha yake. Mimi nilizungushwa na basi la wanafunzi, makasri matatu kwa siku moja. Leo nakumbuka mvua na foleni ya choo tu.

UstadhMakorora: Kabla ya gari na treni, huyo mwenzako mmefunga ndoa? Mtoto wa watu hazungushwi nchi za mbali hivihivi.

FundiKengele: Ustadh, mwache kijana. Pale Chambord kuna ngazi mbili zilizosokotana, anayepanda na anayeshuka wanachunguliana dirishani ila hawakutani. Wakinuniana zitawafaa.

DadaWaMuscat: Viza je? Bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000, wenzako wamenyimwa kwa hilo.

BiMauaTours: Nakaa mjini Tours, hapahapa bonde la Loire, mwaka wa nane. Gari si lazima, Amboise na Chenonceau zote zina treni kutoka hapa. Ila nijibu kwanza: mwenzako anatembeaje? Amboise unapanda kilima, na Blois ni ngazi juu ya ngazi.

MtotoWaNgamiani: Anatembea, polepole tu. Hoteli nimeshalipia hapo Tours, ghorofa ya tatu, pesa hairudi. Gari nimeshaliwekea nafasi. Kwenye ngazi nitamshika mkono.

BiMauaTours: Umshike mkono kwa nini?

MtotoWaNgamiani: Haya. Mwenzangu ni mama yangu mzazi, ana miaka 67. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limezima, la kulia anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na daktari ameshatuambia kilichopotea hakirudi. Nyumbani Ngamiani kulikuwa na kalenda yenye picha ya jumba lililovuka mto kama daraja. Mwaka ulipoisha mama alikata tarehe kwa mkasi, akabakiza picha. Ilikaa juu ya mtungi mpaka rangi zote zikapauka ikabaki buluu. Ukubwani ndiyo nikajua ni Chenonceau. Nataka ayaone yote sita kabla giza halijamkuta. Msiniambie nipunguze.

KobeHanaHaraka: Hii chai. Asubuhi mwenzangu, jioni mama. Na jumba gani hilo linajengwa juu ya mto? Picha ya kompyuta hiyo. Kesho atashusha namba ya michango.

MkwajuWaPangani: Hata mimi nimeanza kusita. Mtu anamficha mama yake?

BiMauaTours: Jumba lipo, limevuka mto Cher. Diane de Poitiers, hawara wa mfalme Henri wa Pili, alijenga daraja, Catherine de' Medici, mke wa mfalme huyo, akaja kujenga ukumbi juu yake. Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huo ulilazwa majeruhi. Hapo hakuna chai. Ila la kuficha, mleta mada, jibu.

MtotoWaNgamiani: Ndugu zangu wawili wanasoma humu. Wao wanataka pesa hii iezeke nyumba. Nyumba nitaiezeka mwakani, jicho halingoji mwakani. Sitaki mchango wa mtu. Mama yuko hapa kwangu, viza anayo.

UstadhMakorora: Nisamehe mwanangu, nilikudhania vibaya. Mama yangu alitaka kwenda Lamu kumwona dada yake. Nikamwambia, tukishavuna. Mavuno yakaja, yeye hakuyaona. Mpeleke. Na mkifika Amboise, ndani ya ngome kuna makaburi ya watu wa Amiri Abdulkadir wa Algeria, aliyepigana na Wafaransa akazuiliwa pale kuanzia 1848 hadi 1852. Mama awasomee Fatiha.

FundiKengele: Mkuu, huyo mama umemwuliza mwenyewe anataka yapi?

BiMauaTours: Swali zuri hilo. Wakati unamwuliza: pigia simu hoteli leo, waeleze hali yake, waombe chumba cha chini. Gari lifute. Siku ya kwanza apumzike. Siku ya pili Chenonceau, treni kama nusu saa, stesheni iko karibu na lango la kasri. Kwenye tiketi kijiji kinaandikwa na x mwishoni, kasri halina, usibabaike. Fikeni lango likifunguliwa, kabla ya mabasi. Mwingize kwenye ule ukumbi wa juu ya maji: una urefu wa mita 60, madirisha pande zote mbili, na sakafu ni miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Baba yangu naye macho yalimwishia hivyohivyo, na cheusi kando ya cheupe ndicho alichokishika hadi mwisho. Vyumbani wanaweka maua mabichi, atayanusa. Siku ya tatu Amboise kwa treni, akiwa na nguvu. Asipokuwa nazo, kaeni mtoni.

KobeHanaHaraka: Hiyo kalenda ipo bado? Tuwekee picha.

MtotoWaNgamiani: Iko Tanga, shangazi ndiye anayekaa na nyumba. Nitamwomba aipige.

Hoteli wamekubali, wametupa chumba cha chini. Gari nimelifuta. Mama nimemwuliza sasa hivi, alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Kasema, "Lile la kwenye kalenda. Hayo mengine utanisimulia." Kisha akaniuliza kama mto ule una samaki. Bi Maua, wapo?