EventBuilder: eventi nimeiunda lakini GetEvent inarudisha null, nakosea wapi?

chipukizi_il:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kimenikalisha hapa tangu jana jioni. Natengeneza klasi programu ikiwa tayari inafanya kazi, natumia Reflection.Emit ya .NET, nataka proksi (klasi inayosimama badala ya nyingine) inayotekeleza INotifyPropertyChanged, ile intafesi ya kutangaza propati ikibadilika, maana nimechoka kuandika yale yale kwa mkono kila klasi. Propati zimetoka safi ila eventi (tukio ambalo kodi nyingine hujiunga kulisikiliza) ndio inanitoa jasho. Nimeandika hivi:

`var eb = tb.DefineEvent("PropertyChanged", EventAttributes.None, typeof(PropertyChangedEventHandler));`

halafu nikaunda add_PropertyChanged na remove_PropertyChanged kwa DefineMethod, zote public na virtual, nikaita CreateType, haikulalamika hata kidogo. Sasa nikiuliza `t.GetEvent("PropertyChanged")` napewa null. Jina nimelikagua herufi kwa herufi. Kinachonichanganya zaidi, objekti nikiikasti kuwa INotifyPropertyChanged halafu nikajiunga kwa += inakubali na hendla inaitwa vizuri tu. Yaani eventi ipo na haipo. Kuna aliyewahi kukutana na hili?

mzee_wa_staki:
Hujazifunga methodi zako kwenye eventi mkuu. Ongeza hizi kabla ya CreateType:

`eb.SetAddOnMethod(addM);`
`eb.SetRemoveOnMethod(remM);`

Wewe umedhani ukishaiita methodi add_PropertyChanged basi yenyewe itajijua ni ya nani. Hapana, hilo jina ni desturi tu, metadata (maelezo ya klasi yanayokaa ndani ya faili) haifuati jina. Ndani ya faili kuna jedwali la Event lenye jina na aina ya delegeti (kielekezi cha methodi ya kuitwa), kuna EventMap inayosema eventi hii ni ya klasi gani, halafu kuna MethodSemantics ambayo ndiyo inasema methodi fulani ni AddOn (0x8), fulani ni RemoveOn (0x10), fulani ni Fire (0x20). DefineEvent imekuandikia yale mawili ya kwanza, la tatu linabaki tupu mpaka uite Set hizo.

Na hiyo null ina sababu yake. Eventi yenyewe haina public wala private, ukifungua EventAttributes utakuta vitu kama None, SpecialName na RTSpecialName, kwa hiyo rifleksheni (kodi inayosoma maelezo ya klasi, kama GetEvent) inaangalia methodi zilizofungwa, ikikuta hata moja ni public inaihesabu eventi nzima ni public. Yako haina hata moja, inahesabiwa ya ndani, na GetEvent ya jina peke yake inatafuta za public tu. Ijaribu na `BindingFlags.NonPublic | BindingFlags.Instance` utaiona imekaa kimya.

Kuhusu += kukubali, intafesi inachodai ni methodi mbili. Kompaila inageuza += kuwa wito wa add_PropertyChanged, na methodi hiyo unayo, ni virtual, jina na saini vinalingana, imetosha. Mstari wa eventi ni wa kusomwa na kompaila na rifleksheni, wakati wa kuitana hakuna anayeuangalia. Ungeufuta kabisa hiyo kasti yako ingeendelea kufanya kazi.

Halafu kwenye methodi hizo weka na MethodAttributes.SpecialName, watu wengi wanairuka.

kodi_usiku:
hapo kwenye "kabla ya CreateType" pigia mstari mara mbili 😂 mimi niliziweka baada, nikala InvalidOperationException nusu siku nalaumu IL yangu (yale maagizo ya ngazi ya chini ya .NET)

saini_moja:
Usisahau na SetRaiseMethod, ya kufunga methodi ya kuirusha eventi, bila hiyo eventi haijakamilika.

mzee_wa_staki:
@saini_moja hapana, hiyo ni hiari. Zinazotakiwa ni add na remove. Kompaila ya C# yenyewe haiandiki raise, chukua eventi yoyote ya C# uite GetRaiseMethod uone kama hupati null. Wanaoiandika ni C++/CLI.

chipukizi_il:
Aisee imekubali, GetEvent imerudi na AddEventHandler inafanya kazi, asante sana mzee. Ila sasa limeibuka jingine, nikijiondoa kwa -= napata InvalidProgramException. Add iko sawa kabisa, na remove nimeikopi kutoka kwenye add nikabadilisha Delegate.Combine (ya kuongeza hendla) kuwa Delegate.Remove (ya kuitoa) tu!!

mzee_wa_staki:
Weka IL ya remove hapa.

chipukizi_il:
`ldarg.0, ldfld, ldarg.1, call Delegate.Remove, castclass, stfld, ret`

mzee_wa_staki:
Hesabu staki, lile rundo ambalo IL inawekea na kuchukulia thamani. stfld inataka vitu viwili, objekti na thamani. ldarg.0 yako moja imeliwa na ldfld, ikifika stfld kuna delegeti peke yake. Zinatakiwa ldarg.0 mbili mwanzoni. Hukuiona mapema kwa sababu JIT (inayogeuza IL kuwa kodi ya mashine) haiigusi methodi mpaka siku inaitwa, na remove ulikuwa hujawahi kuiita.

kodi_usiku:
kama uko .NET 9 tumia PersistedAssemblyBuilder uisevu kwenye faili uifungue na ILSpy, programu ya kusomea IL, makosa kama hayo unayaona kwa macho. .NET Core za nyuma hazikuwa na kusevu kabisa, ilikuwa Framework ya zamani tu

saini_moja:
Sawa kwenye raise nimekubali. Ila Combine halafu stfld hivyo hivyo, tredi mbili zikijiunga kwa pamoja moja itapotea. C# tangu toleo la 4 inazungusha Interlocked.CompareExchange (inabadilisha thamani ikiwa tu haijabadilishwa na mwingine) mpaka ikubali.

chipukizi_il:
ldarg.0 ilidondoka wakati wa kukopi, nimeirudisha na -= imepona. Hiyo ya CompareExchange naiandika leo, ila ina lebo na lokali tatu, nikikwama narudi hapa hapa.