Sharti la kurudisha motohomu saa nne asubuhi litaua watu, na kampuni za kukodisha zinajua

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Kila nikisoma simulizi za safari ndefu za motohomu (magari yenye vitanda, jiko na choo ndani) naona watu wanaeleza kwenda tu: njia waliyopita, walipolala, milima waliyoiona. Ikifika zamu ya kurudi wanaandika "tukarudi salama", basi, habari imeisha. Mimi nataka tuongee juu ya huko kurudi. Huko ndiko kampuni zinakotubana, na huko ndiko dereva anakokuwa amechoka kuliko siku nyingine yoyote ya safari.

Kampuni tuliyokodi kwao sitaitaja, kwa sababu masharti haya yako kwenye mikataba ya wengi na sitaki uzi ugeuke kuwa wa kampuni moja. Gari unakabidhiwa alasiri, wanalitaka asubuhi. Unachukua saa tisa mchana, unarudisha kabla ya saa nne asubuhi, na siku hizo mbili zote unazilipia kama siku kamili. Unalirudisha palepale ulipolichukulia, maana kuliacha mji mwingine ama hairuhusiwi ama ada yake inakatisha tamaa. Tenki la mafuta liwe limejaa. Tenki la choo liwe tupu na limesuuzwa. Maji machafu ya sinki na bafu yawe yamemwagwa. Ndani pawe pamefagiliwa na kupigwa deki. Ukichelewa unatozwa kwa saa, na saa zikiongezeka kidogo inageuka siku nzima kwa kiwango cha adhabu.

Pigeni hesabu kurudi nyuma. Ili uwe getini kwao saa nne, na mafuta umeshajaza, choo umeshamwaga na deki umeshapiga, unahitaji kuwa mji ule alfajiri. Vituo vingi halali vya kumwaga maji ya choo viko ndani ya kambi za wasafiri, na kambi hizo zina saa zake za kufungua geti. Hiyo "siku ya mwisho" unayoilipia kwa hiyo haipo. Kilomita zake zote zinasukumwa kwenye siku iliyotangulia, na zikizidi zinaingia usiku.

Halafu unafungua ramani ya simu, inakuambia kilomita 900 ni saa tisa na ushee. Hiyo ni hesabu ya gari dogo. Motohomu iliyopakia, kwenye barabara zenye milima, malori na miji ya kupita katikati, ukipata wastani wa kilomita 70 kwa saa umeenda vizuri. Hapo ni karibu saa 13 za usukani mtupu, kabla hujasimama kula, kujaza mafuta wala kujinyoosha mgongo. Ukisema ukaze mwendo ili ufidie, gari lenyewe linakukatalia. Ukuta ule mpana wa mbele unasukuma hewa, na nguvu ya hewa kukuzuia inapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 110, upinzani unaongezeka kwa karibu nusu nzima. Mafuta yanakwenda na injini inachemka. Upepo wa ubavuni ukikukuta kwenye daraja au lori kubwa likikupita, unapigana na usukani kwa mikono miwili.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Dereva wa lori katika nchi za Umoja wa Ulaya akishaendesha saa nne na nusu, sheria inamlazimisha apumzike dakika 45, na kwa kawaida hazidishi saa tisa za usukani kwa siku. Marekani dereva wa lori la mizigo ana ukomo wa saa 11, na lazima apumzike dakika 30 akishafikisha saa nane za kuendesha. Hao ni watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, na bado sheria haiwaamini wakichoka. Mimi niliyekodi tu, ambaye tani tatu na nusu naziendesha mara moja kwa mwaka, familia nzima ikiwa nyuma yangu, sina ukomo wowote. Sawa, serikali haijaniwekea. Lakini kampuni nayo inaniwekea saa ya kufika na faini, bila kuuliza kama kufika huko kunahitaji nikeshe.

Utafiti juu ya jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka hadi kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama ana asilimia 0.10. Nchi nyingi zinakukamata ukiwa na 0.05. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kufungasha, akashika usukani mchana kutwa, ikifika saa nne usiku ameshafikisha saa hizo 17. Bado ana kilomita mbele, bado anaambiwa gari lifike. Ukisinzia sekunde tatu tu kwa mwendo wa kilomita 90, gari limekwenda mita 75 bila dereva.

Na kumbukeni huyo dereva hakuanza siku hiyo akiwa na nguvu mpya. Amelala kwenye kitanda cha motohomu safari nzima, mvua inapiga paa, jirani wa kambi anawasha jenereta. Deni la usingizi limejilimbikiza, na siku ya kulilipa ndiyo hiyo ya kurudi. Wakati wa kwenda watu wote garini wako macho, mmoja anasoma ramani, mwingine anaangalia nyuma ukirudi kinyumenyume. Wakati wa kurudi wote wamelala, dereva amebaki peke yake na taa za magari yanayokuja.

Sasa nieleze yaliyotupata.

Tulikuwa tumebakiza siku moja na kipande cha njia. Kwenye kituo cha mafuta mwenzangu akazunguka gari kama tulivyokuwa tukifanya kila tuliposimama, akaniita. Tairi la nyuma limevimba ubavuni, uvimbe unaojaza kiganja. Meno yake mazuri kabisa, wala si kipara. Nikasoma tarehe yake. Wasiojua, tazameni ubavuni palipoandikwa DOT: tarakimu nne za mwisho ndizo umri wa tairi, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa 2315, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. La kwetu lilikuwa limeshapita miaka 10. Watengenezaji wakubwa wa matairi wenyewe wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata meno yakiwa mapya, kwa sababu mpira unazeeka kwa jua na kwa kukaa. Na motohomu za kukodi hukaa: miezi ya msimu wa baridi zinasimama uwanjani palepale, uzito wote uko juu ya matairi yaleyale.

Nikapiga namba ya dharura. Nikamweleza kijana aliyepokea: kaka, tairi lenu limevimba, siwezi kuliendesha hivi. Jibu lake sitalisahau. Akaniambia niendelee taratibu, "mradi gari lifike kabla ya saa nne, kuna mteja mwingine analichukua mchana."

Narudia: mteja mwingine analichukua mchana. Tairi limevimba, ndani kuna watoto, na anachofikiria ni mteja wa mchana.

Nikakataa. Tukasubiri fundi, tairi la saizi ile halikuwepo karibu, likaja jioni. Na tairi hilo tulilinunua sisi, kwa kuwa mkataba unasema matairi na kioo cha mbele ni juu ya anayekodi. Kabla sijasaini fomu ya makabidhiano niliainishiwa kila mkwaruzo wa mlango, kila doa la kochi, hadi idadi ya vijiko. Umri wa matairi haukuwa na mstari kwenye fomu ile. Vijiko vimehesabiwa, matairi hayakutazamwa!

Fundi alipomaliza giza lilikuwa limeingia na mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu wa milima. Anayejua magari mazito anajua maana yake. Ukishuka kwa kukanyaga breki mfululizo, zinapata moto hadi hazishiki, na maji ya breki yakiwa ya zamani yenye unyevu yanachemka ndani ya mfumo, pedali inazama hadi sakafuni. Dawa ni gia ndogo na subira, uiache injini ilizuie gari. Mtu anayekimbizana na saa hana subira, na aliyechoka anasahau gia. Nikawaambia wa nyumbani kwangu wote: tunalala hapa. Tukaegesha, tukafunga gesi, tukalala. Nikiwekwa tena pale, nitalala tena.

Tulifika mchana. Wakatukata faini ya kuchelewa. Wakatukata ada ya usafi. Wakatukata ada ya tenki la choo kwa sababu kambi mbili tulizopitia zilikuwa zimefunga kituo cha kumwaga. Dhamana yetu ikashikiliwa kwenye kadi "kusubiri ukaguzi", na ukaguzi wenyewe haukufanyika sisi tukiwepo. Kuhusu tairi waliniambia nitume risiti, na risiti nimetuma. Wamekaa kimya mpaka leo.

Juu ya choo niseme kidogo, kwa sababu lawama huwa zinawaangukia wasafiri peke yao. Nimeona kwa macho yangu mtu anafungua tenki nyuma ya maegesho ya barabara kuu na kumwaga kila kitu kwenye mtaro. Ni uchafu na ni dharau kwa wanaoishi pale, na dawa zile za kuvunja kinyesi zinaua viumbe vya mtoni. Simtetei hata kidogo. Lakini kampuni inayotaka tenki tupu asubuhi, na yenyewe haina shimo la kumwagia kwenye uwanja wake, imechangia lile tendo. Wana magari chungu nzima na wana uwanja, wajenge shimo! Ni bomba, mfuniko na mpira wa kusuuzia.

Hata uzito ni suala la kurudi. Huko Ulaya motohomu nyingi zimeundwa ziishie kilo 3,500 kwa sababu leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia hapo, kwa hiyo nafasi ya mizigo inayobaki ni ndogo tangu mwanzo. Lita ya maji ni kilo moja. Ukikosa pa kumwagia unabeba kilo mia ya maji machafu juu ya mizigo yako na yale uliyonunua njiani. Tairi la miaka 10, gari limezidi, barabara ya mchana ina joto, dereva anakimbizana na saa. Tairi likipasuka hapo, taarifa itaandika "mwendokasi".

Najua atakuja mtu kuniambia "mngeondoka siku moja mapema." Nimeshaisikia hiyo. Maana yake nilipie siku ambayo siitumii ili kampuni ipate nafasi ya kumpa mwingine gari mchana uleule. Kama siku hiyo ni ya lazima kwa usalama, waiandike kwenye mkataba na wasiitoze. Mwingine atasema biashara ni biashara, magari lazima yazunguke. Yazunguke, lakini waache siku moja katikati ya mteja na mteja. Siku hiyo ndiyo ya kupima upepo wa tairi, kusoma tarehe yake, kukagua breki na kengele ya gesi. Gari linaloingia saa nne na kutoka saa tisa, likiwa linafuliwa mashuka na kupigwa deki, anayeingia chini kulikagua ni nani, na saa ngapi?

Ninachodai si kikubwa. Muda wa kurudisha uwe jioni, au uwe wazi siku nzima ya mwisho tunayoilipia. Mtu akipiga simu kusema amechoka au gari lina hitilafu, aongezewe muda bila faini, na simu hiyo iandikwe. Tarehe za matairi yote ziwe kwenye fomu ya makabidhiano, na tairi lililozeeka liwe juu ya mwenye gari. Ukaguzi wa kurudisha ufanyike aliyekodi akiwepo na asaini.

Mimi nimeshapeleka malalamiko kwa maandishi kwao na kwa benki iliyotoa kadi, nikiambatanisha picha ya uvimbe, picha ya tarehe ya tairi na kumbukumbu ya muda wa simu. Wenye mikataba ya kukodi ya kampuni yoyote, fungueni ukurasa wa masharti ya kurudisha, muweke hapa maneno yake kama yalivyo, mkifuta majina na namba zenu. Nataka kujua kama kuna hata moja inayomruhusu dereva kulala.