Ukimchukia bosi, kazi inashuka kweli au tunatafuta kisingizio?

Wakuu, jana tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anasema kazi ni kazi: unalipwa mshahara, hulipwi kumpenda mtu, chuki zako ziache getini. Mwenzake akamjibu, "Wewe hujapata bosi mwenye gubu."

Mimi niko na huyu wa pili, ila si kwa hoja zake. Niliwahi kukaa stoo ya vifaa vya ujenzi chini ya bosi ambaye salamu yake ya asubuhi ilikuwa "leo mmeniibia nini?" Nilimchukia mpaka mlio wa gari lake. Lakini fungua leja zangu za wakati ule, kosa hulioni. Mzigo umepokelewa, umehesabiwa, umesainiwa. Kwa woga nilikuwa nahesabu nondo mara mbili. Kwenye makaratasi mimi ni mfanyakazi hodari!

Sasa sikieni. Masika yakaingia, paa likaanza kuvuja upande wa saruji. Haukuwa upande wangu. Nililiona tone likidondokea mfuko wa juu kabisa, karatasi imeshaloa, nikapita zangu kwenda kunywa chai. Wiki ya pili yake mifuko ile imekuwa mawe, ukiigonga inalia kama tofali. Bosi akafoka, sote macho chini. Na nikiri tu, moyoni nilifurahi.

Kwa hiyo chuki yangu haikugusa kazi niliyopangiwa. Iliyokufa ni ile isiyoandikwa kwenye mkataba, na sijaona fomu ya tathmini inayoipima hiyo.

Msidhani bosi anayependwa ndiyo kapona. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa watu, ukikwama anakukopesha nauli. Mpwa wake alikuwa akichota misumari mchana kweupe, tunamwona, na hakuna aliyethubutu kumtia mzee uchungu. Hasara ikawa ileile, tofauti tulinyamaza kwa huruma.

Sheria nayo imeligusa hili. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akiacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, huko nako ni kuachishwa. Na kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamtoa mtu kwa utendaji mbovu, achunguze chanzo na ampe muda wa kujirekebisha. Haya, chanzo kikiwa ni huyohuyo anayechunguza?

Wale wa "kazi ni kazi", nijibuni bila kuzunguka: tone lile mngelisema? Na nyie wenye biashara zenu, mara ya mwisho kijana wa stoo kuwaletea habari mbaya kabla hamjaiona wenyewe ilikuwa lini?