Herufi moja kwa wilaya nzima ya shule: Texas wanatenda haki?

Mleta mada
Wadau, hasa mnaosomesha watoto Texas. Tangu Agosti 2018 jimbo hili linazipa wilaya za shule herufi, A hadi F, kama ripoti ya mtoto. Shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo, sheria ya 2015 inamtaka Kamishna wa Elimu ama aifunge, ama aiondoe bodi ya kuchaguliwa inayoendesha wilaya nzima. Hilo la pili naliona ni kuchapa kijiji kwa kosa la nyumba moja.

Tazameni Houston, wilaya yenye shule kama 270. Sekondari ya Wheatley ilifeli mfululizo, na mwaka 2019 Kamishna Mike Morath akaanza safari ya kuing'oa bodi. Kesi zikazunguka mahakamani hadi Juni 2023, bodi ya kuchaguliwa ikawekwa kando, ikaja ya kuteuliwa. Wakati huo Wheatley yenyewe ilishapata C tangu 2022! Mgonjwa kapona, ndipo anapelekwa kupasuliwa.

Na mizani inachezewa. Kwenye kipengele cha wahitimu walio tayari kwa chuo, kazi au jeshi, wilaya ilipata A kwa kufikisha asilimia 60 ya wahitimu. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 88, tena kwa kuwapima vijana waliokwishamaliza shule. Wilaya zaidi ya 100 zikashtaki. Kwa kesi hizo, herufi za 2023 zikatoka Aprili 2025. Nani ahamishe mtoto kwa habari iliyochacha?

Mchangiaji 1
Kaka yangu, unaongea kama mtu aliyefika hapa Kiingereza anakijua. Mimi nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na watoto wanne. Barua za shule zilikaa mezani mpaka binti yangu mkubwa arudi anisomee. Herufi F niliielewa mwenyewe. Na hiyo bodi unayoililia, miaka yote Wheatley inafeli ilikuwa wapi?

Mchangiaji 2
Mimi ni mwalimu. Wapo wanaosema herufi inapima utajiri wa mtaa tu; si kweli. Asilimia 70 ya alama hutoka kwenye ufaulu au maendeleo ya wanafunzi, kile kilicho bora kati ya hivyo viwili. 30 ni kuziba pengo kati ya makundi ya watoto. Shule ya mtaa wa kimaskini ikiwainua watoto wake inaweza kupata A. Kinachoniudhi ni kwamba kwa shule za msingi karibu kila kitu kinategemea STAAR, mtihani wa jimbo. Muhula wa pili unageuka mazoezi ya mtihani, hadithi na michoro kwaheri. Halafu, kuficha matokeo si dawa: Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na wazazi wanazitaja bado kwa majina.

Mleta mada
Mwalimu, la maendeleo nimekubali, nililipuuza. Mama wa Nyarugusu, swali lako la bodi limenikaba koo. Iliona, ikanyamaza. Basi namba zibaki, herufi ibaki, adhabu iishie kwenye shule husika. Bodi mbovu tutaiondoa wenyewe kwa kura. Hii ya kuteuliwa nitaiondoaje?

Mchangiaji 1
Kura ni yako, kaka. Mimi bado nasubiri uraia, na mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la tatu sasa hivi.